Picha Ulizosema Umepigwa

Bakari, ndugu yangu,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba picha ya ini hupigwa mtu anayeumwa. Anayeumwa mwili wake umekwisha kusema, na mara nyingi umesema kwa kuchelewa. Picha ni ya mtu anayekula akashiba, anayelala akakoroma, anayebeba geti la chuma begani na kupanda nalo ngazi. Ini ni kiungo kinyamavu. Ndani yake hamna mishipa ya kuhisi maumivu. Kinachohisi ni ngozi nyembamba iliyolifunika kwa nje, nayo haishtuki mpaka kilichomo ndani kiwe kikubwa kiasi cha kuisukuma. Haya nilikueleza mapema kabisa, tukiwa kwenye benchi la kahawa, ukanisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema: "Kwa hiyo ini langu ni kama wewe siku ya harusi, Mwalimu. Lipo, linakula, halisemi kitu."

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Wengine hulifanya kosa hilo kwa kutojua. Wewe ulijua. Ndiyo maana nakuandikia nikiwa na uchungu nisiojua niuweke wapi.

Nianze na habari, maana hujazipata. Arobaini yako imesomwa juma lililopita kwenu Msimbati. Watu walijaa mpaka nje ya ua. Karakana yako hapa Chikongola imefungwa kufuli, na jirani yako muuza vipuri vya pikipiki ameshaanza kupanga matairi mbele ya mlango, anasema ni kwa muda tu. Asubuhi mtaa wetu una ukimya nisioupenda. Nililalamika miaka mingi kuhusu ile mashine yako ya kukatia chuma, sasa naamka saa ile ile na kulala nikiisikilizia. Muuza kahawa bado anasahau na kunimiminia vikombe viwili. Akigundua, cha pili anakinywa mwenyewe. Korosho zimeanza kuanguka na watu wengi wamekwenda mashambani, hivyo mji umepungua kidogo, kama unavyojua hupungua kila mwaka msimu huu.

Hizo ni habari nyepesi. Nzito nitaifikia. Lakini nimefundisha baiolojia maisha yangu yote, na sijui kuruka hatua hata ninapokuwa na hasira.

Ulikwenda kumtolea damu mke wa jirani aliyejifungua kwa shida. Wakakurudisha. Damu yako, walisema, ina virusi vya homa ya ini, ile wanayoiita B. Ulikuja kwangu moja kwa moja ukiwa bado na pamba mkononi, nami nikakueleza kwamba pengine ulivipata ukiwa mtoto mchanga, kutoka kwa mama yako wakati wa kuzaliwa, au kwa watoto wenzako mlipokuwa mkicheza na kuchubuana Msimbati. Vinakaa miaka bila kelele, vinalitia ini makovu, na siku moja katika makovu hayo huota uvimbe. Nikakwambia ukapigwe ultrasaundi. Ulikwenda. Uvimbe ulikuwepo, mkubwa kama korosho iliyo ndani ya ganda lake.

Tukaenda Dar es Salaam pamoja, hospitali kubwa. Kupasua hawakutaka, kwa sababu ini lako lilikuwa na makovu mengi na kipande chochote ambacho wangekikata lilikuwa linakihitaji. Ndipo tukapelekwa kwa daktari wa picha, yule binti wa rika la mwanao Sharifa, ambaye mwanzoni ulidhani ni wa kutuita majina.

Daktari yule alijua kueleza. Hapasui tumbo, alisema. Anaweka kifaa cha ultrasaundi juu ya mbavu, anautazama uvimbe kwenye skrini, kisha anapitisha sindano ndefu kwenye ngozi huku akiifuata ncha yake kwenye skrini hiyo hiyo mpaka ifike katikati ya uvimbe. Ikifika, anaiwasha. Joto la ncha linauunguza uvimbe wote, pamoja na ukingo mdogo wa nyama isiyo na ugonjwa inayouzunguka, kwa tahadhari.

Ulikaa kitandani umevaa lile gauni la hospitali lisilofunga nyuma, ukamwambia: "Binti yangu, nimechomelea mageti ya mji mzima wa Mtwara. Leo imefika zamu yangu kuchomelewa."

Akakujibu bila kuinua kichwa: "Wewe unaunga, mzee. Mimi naunguza. Usije ukanidai geti."

Ulimpenda tangu hapo. Akakuonyesha kwenye skrini kwamba uvimbe wako umekaa karibu na mshipa mkubwa wa damu. Damu inapopita, alisema, inapoza joto, na ukingo ule wa upande wa mshipa unaweza usiungue sawasawa. Nilikuwa naanza kutafuta mfano wa kukufafanulia, lakini uso wako ulikuwa umekwisha kuelewa.

"Kama bomba lenye maji," ukasema. "Halishiki mpaka ulikaushe."

"Ndiyo. Na mshipa wako siwezi kuukausha. Kwa hiyo nikimaliza, utarudi nikuangalie. Kila miezi mitatu mwanzoni. Ukijisikia vibaya utarudi, ukijisikia mzima utarudi."

"Nitarudi."

Nilikuwepo, Bakari. Nililisikia neno hilo likitoka kinywani mwako.

Ulitoka hospitalini ukitembea mwenyewe, na plasta ndogo ubavuni. Baada ya mwezi tukarudi pamoja, wakakupiga picha ya CT, ile wanayokudunga kwanza dawa ya kung'arisha mishipa. Palipokuwa na uvimbe palikuwa na doa jeusi. Hilo ndilo kaburi lake, alisema daktari, lakini hili ni kaburi la kulindwa. Ulilitazama lile doa muda mrefu, ukaguna kama ulivyokuwa ukiguna unapoitazama kazi ya fundi mwenzako uliyoikubali.

Sasa nafika mahali ambapo sikuelewa.

Mimi ni mtu wa Njombe, na Mkristo. Nimeishi Mtwara miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, nimekula nanyi idi zote, lakini yapo mambo yenu niliyoyaona kwa macho nisiupime uzito wake. Dada yako, Bi. Somoe, alikuwa ameweka nadhiri. Alisema mbele ya watu kwamba mdogo wake akirudi hai kutoka Dar es Salaam, atachinja mbuzi Msimbati na kuwalisha majirani. Ukarudi, akachinja. Tulikula pilau pale uani. Shekhe alisoma dua nzuri, na baada ya dua Bi. Somoe akasimama, mwanamke yule asiyependa kusimama mbele za watu, akasema kwa sauti inayotetemeka: "Nadhiri nimeiondoa. Maradhi yamekwisha. Mdogo wangu ni mzima."

Mimi nilisikia shukrani. Wewe, kumbe, ulisikia mlango unafungwa.

Baadaye nilipomwambia dada yako kwamba utakuwa ukirudi kupigwa picha, alinitazama kama mtu aliyesikia jambo la aibu. Akasema: "Mwalimu, mtu hamchungulii Mungu kuona kama kazi yake ameimaliza." Nililichukua kama msemo wa mama mwenye imani, nikatabasamu, nikaendelea kula. Yule shekhe mwenyewe hakuwaza hivyo. Mazikoni aliniambia kwamba shukrani haimkatazi mtu dawa wala kipimo, na kwamba angeulizwa angesema. Hakuna aliyemuuliza. Kwenu ninyi, aliyekula mbuzi wa nadhiri na kutangazwa mzima, akionekana tena kwenye mlango wa hospitali anakuwa amemvunjia heshima aliyechinja.

Basi ukatunga uongo wa namna mbili. Dada yako ulimwambia unakwenda Dar es Salaam kununua vyuma. Mimi na Sharifa ulituambia unakwenda kupigwa picha. Nami nilikusindikiza stendi alfajiri, nikakubebea mfuko, nikakununulia maji na mkate. Nikamwambia kondakta akuweke kiti cha mbele kwa sababu ya ubavu wako. Basi likaondoka nikipunga mkono kama mama anayempeleka mtoto shule ya bweni.

Kesho yake ukapiga simu. "Mwalimu, picha safi. Daktari anakusalimia. Anasema ini kama la mtoto mchanga."

Uliporudi uliniletea haluwa. Mara ya pili pia, haluwa na simu ile ile, picha safi. Mara ya tatu, picha safi. Sharifa alilia kwa furaha kwenye simu, aliniambia mwenyewe. Na mimi nikawa nakutangaza. Kwenye benchi la kahawa nilikuwa nikiwaambia wazee wenzangu wanaokwepa vipimo: tazameni Bakari, fundi mwenye kazi zake, hakosi picha hata moja. Na wewe ulikuwa umekaa pale pale, Bakari. Ulikuwa umekaa pale pale unapuliza kahawa yako.

Halafu mkanda wako ukaanza kuhitaji tundu jipya. Nikakuuliza, ukasema ni kazi nyingi. Ubavu wa kulia ukaanza kuuma, ukasema umeubana kwenye geti la mtu wa bandarini. Siku nilipoona macho yako yana rangi ya njano sikukuuliza tena. Nilikata tiketi mbili.

Unakikumbuka kile chumba. Mimi nakiota. Daktari yule yule aliweka picha mbili kwenye skrini, ya zamani upande huu na mpya upande huu. Ya zamani ina lile doa moja. Mpya ilikuwa kama anga yenye mawingu mengi. Kisha akauliza kwa upole:

"Mzee, hizi za katikati ulipiga wapi?"

Nikajibu mimi. Nilijibu kwa haraka, kwa kukutetea: "Si amepiga hapa hapa, daktari, kwako?"

"Hapa hapana. Tangu ile ya mwezi mmoja baada ya sindano sijamwona."

Nikakugeukia. Ulikuwa unatazama kandambili zako.

Nimewahi kuibiwa, nimewahi kusingiziwa kazini, nimemzika mke wangu. Lakini sijawahi kuhisi ardhi ikinitoka chini ya miguu kama nilivyohisi kwenye kile kiti cha plastiki, mbele ya binti yule aliyekuwa akijifanya anapanga waya ili asinione usoni.

Aliendelea kutueleza, maana ndiyo kazi yake. Uvimbe ulikuwa umeanza upya pale pale alipohofia, kwenye ukingo wa mshipa, kisha ukasambaa pande zote mbili za ini. Ungeonekana ukiwa kama punje ya karanga, alisema, angeingiza sindano tena na kuunguza tena. Kurudia hakuna ajabu, wagonjwa wake wengi huwarudia, saratani ya ini ina tabia ya kurudi na ndiyo maana inaviziwa. Sasa uvimbe umekuwa mwingi mno kwa sindano. Imebaki njia ya mrija: anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, anaufuata kwa eksirei mpaka ndani ya ini, anamwaga dawa ya saratani kwenye mshipa unaoulisha uvimbe, kisha anauziba ili uvimbe ufe njaa. Haiponyi, alisema. Inanunua muda, ikiwa ini lina nguvu ya kuuvumilia.

Alifanya, na ulipata muda kidogo. Maumivu yalipungua, ukala vizuri, ukamtania muuguzi. Tuliporudi kwa awamu ya pili vipimo vilisema ini limechoka, mrija mwingine ungeliua kabla ya saratani. Alituambia hivyo akiwa amekushika mkono. Nataka ujue kwamba yule daktari hakukosea mahali popote. Nalisema hili kwa sababu inayokuja mbele.

Ile siku ya skrini, tulipotoka nje na kukaa kwenye benchi la saruji, wewe ndiye uliyeanza kusema.

"Ya kwanza nilikusudia kwenda kweli, Mwalimu. Basi likasimama Mingoyo ili watu wale chakula. Nikashuka kunywa chai. Wakapiga honi, nikakaa. Likaondoka."

Nikakuuliza ulikwenda wapi.

"Lindi. Kwa binamu yangu. Nikamtengenezea mlango wa kuku."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili nilishajua njia."

Sijui kwa nini nikauliza swali la kijinga kuliko yote. Nikauliza habari ya haluwa.

"Ya Lindi," ukasema. Ukafikiri kidogo. "Lakini si ilikuwa nzuri?"

Na mimi nikacheka, Bakari. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, watu wakageuka kututazama, wazee wawili kwenye benchi la wodi ya saratani wanacheka. Kile kicheko ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu baada yake sikuweza tena kukugombeza. Uliniibia hata ugomvi wangu.

Ukasema: "Ningemwambia nini dada? Mbuzi ameshaliwa."

Nimelitafakari jibu hilo kwa haki, kama ninavyojua kusahihisha kazi ya mwanafunzi ninayempenda. Dada yako alikulea baada ya mama yenu kufariki. Aliuza mihogo ukapata ada ya ufundi. Kumwaibisha mbele ya Msimbati nzima, kumwambia kwamba nadhiri yake haikutosha, hilo naelewa lilikuwa zito kwako kuliko kifo. Sikubaliani nalo, ila naelewa.

Lakini mimi sikuchinja mbuzi. Mimi ulinidanganyia nini?

Ungeniambia hutaki, ningegombana nawe. Tungenuniana, pengine muda mrefu. Ningekuja karakanani kukuhubiria na wewe ungewasha mashine ili usinisikie. Hayo ni mambo ya marafiki. Ningekuwa na rafiki anayekataa, na anayekataa unaweza kumshawishi. Wewe ulinipa rafiki anayeigiza kukubali, na kwa mtu wa namna hiyo hakuna la kufanya, maana hujui kwamba lipo la kufanya. Ulinifunga mikono, kisha ukaniletea haluwa niile kwa mikono hiyo hiyo iliyofungwa.

Na wewe hukuwa mtu wa kuamini kazi isiyopimwa. Tangi la maji la shule yetu ulipolichomelea, nilikuona ukilijaza hewa na kulipaka povu la sabuni, kila ungio, ukiinama kutafuta hata kipovu kimoja. Mkuu wa shule alikuwa na haraka. Ulimwambia asubiri au atafute fundi mwingine. Siku hiyo ndiyo nilitamani uwe rafiki yangu. Sasa niambie, ilikuwaje tangi la watoto wa watu likapata povu, na ini la baba yake Sharifa likakosa?

Nimetulia kidogo, nimekwenda kunywa maji. Naendelea.

Siku zako za mwisho Msimbati, Bi. Somoe alipotoka kwenda kuchota maji ya kukufuta uso, ulinishika kifundo cha mkono kwa nguvu nisiyodhani unayo. Ukasema: "Hili la Lindi liishie kwetu. Sharifa asijue. Ataniona mjinga." Nikakubali kwa kichwa. Kwa mtu aliye katika hali ile nani angekataa? Ukaniachia mkono, ukafumba macho, na ukaonekana umepumzika.

Nililinyamazia. Siri ya marehemu ni amana, kwenu na kwetu. Nilikusudia kufa nayo.

Sasa habari nzito.

Baada ya mazishi, nilimwomba Sharifa akapime damu, kwa sababu virusi hivi hupita ndani ya familia. Alipima huko huko Nanyamba, karibu na shule anayofundisha. Anavyo, Bakari. Kama wewe. Wakamwambia hali yake kwa sasa ni nzuri, lakini kwa kuwa baba yake amekufa kwa saratani ya ini, apigwe ultrasaundi ya ini sasa na kila miezi sita, ili kama kuna kitu kitaota kikutwe kidogo, kinachofaa sindano.

Hakwenda. Shule zimefungwa, amekuja mjini kupanga vitu vya nyumba yako, na juzi nilikaa naye kwenye kile kibaraza chako nikimsihi. Unajua alivyo, ana sauti ya chini na kichwa kigumu, amekirithi kwako. Akaniambia:

"Baba mkubwa, baba alipigwa picha zote. Hakukosa hata moja, wewe mwenyewe ulikuwa unamsindikiza. Zote safi. Halafu akafa. Sasa mimi nikapigwe picha ya nini? Ya kuniambia niko safi kama baba?"

Jibu nililo nalo nimekuahidi kulificha.

Akaongeza: "Kama kipimo hakikumwona baba, hakitaniona mimi. Bora nilale usingizi wangu."

Fikra yake ni sahihi, Bakari. Ningekuwa namsahihisha darasani ningempa alama zote. Ukianza na uongo uliompa, hakuna mahali pengine pa kufika. Na si yeye peke yake. Kwenye arobaini, Bi. Somoe aliwaambia wanawake waliomzunguka: "Mdogo wangu alikuwa mzima. Ile sindano ya moto ndiyo iliyomuunguza ini." Wakatikisa vichwa. Yule binti daktari aliyekushika mkono, sasa Msimbati ni muuaji. Nami nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka pale na sahani ya ubwabwa mapajani, nimefunga mdomo kwa ajili yako.

Ulidhani unaficha aibu yako ndogo. Ulichokificha ni ile sehemu moja ya habari ambayo ingemwokoa mwanao. Hukuniacha na siri ya kutunza. Uliniacha nimeshika mlango usifunguke, na Sharifa yuko ndani.

Nimeomba juu ya jambo hili kwa namna yangu. Nimejiuliza kama amana ni amana hata inapomla mtoto wa aliyeiweka. Nimejibu hapana. Mtu akikukabidhi mfuko uutunze, ukaona moshi unatoka ndani, huendelei kuukumbatia kwa sababu umeapa. Unaufungua.

Kwa hiyo nakwambia wewe kwanza, kwa sababu sitaki kukufanyia ulivyonifanyia. Leo navunja ahadi yangu. Sharifa nitampa barua hii mkononi aisome yote, pamoja na Mingoyo, pamoja na mlango wa kuku. Kisha nitakwenda Msimbati kwa Bi. Somoe, nitakaa chini kwenye mkeka, na nitamweleza polepole kwamba sindano haikukuua. Nitamwomba yule shekhe anisindikize, kwa sababu maneno yangu peke yake hayatamtosha. Atalia. Pengine atanifukuza. Nitarudi siku nyingine.

Ulihofia Sharifa atakuona mjinga. Simjui hivyo. Nadhani atakuona baba aliyeogopa kumuumiza dada yake na ambaye, akiwa na hofu hiyo, alishuka kwenye basi. Atakasirika. Nami bado nimekasirika, na sikuandiki ili nikudanganye kwamba imeisha. Labda itakuja kuisha. Hasira hii haijanizuia kupita mbele ya karakana yako kila asubuhi.

Lala salama, fundi. Msimbati ni pazuri pa kulala, upepo hauishi. Ninakuahidi jambo moja tu, na hili sitalivunja: nikiwa hai na miguu yangu inatembea, mwanao hatakwenda kwenye chumba kile peke yake. Nitamsindikiza mpaka mlangoni, si mpaka stendi. Nitakaa nje mpaka atoke, na picha nitaiona kwa macho yangu.

Ni mimi, mwalimu wako mtu wa baridi.

Na sasa wewe, Sharifa, binti yangu, uliyesoma mpaka hapa. Usinijibu chochote, na kwa shangazi yako usiende bado. Niko kibarazani nakungoja. Vaa viatu twende hospitali ukapigwe picha ya ini leo.